Ndege na wanyama wa uani siku baridi ikilegea: mwongozo kwa sisi tuliohamia kwenye theluji

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu. Kila Januari ni yale yale, baridi inakaza wiki mbili mtu hatoi pua nje, halafu siku moja jua linatoka, theluji inaanza kuchuruzika kwenye paa, na meseji zinaanza kuingia. Yule ndege mwekundu kama kapakwa rangi ni nani? Mbona juzi walijaa leo hata mmoja hayupo? Kuna kitu kimetoka chini ya ngazi kina mistari mgongoni, ni panya au nini? Mi naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, nyumba ya kupanga yenye kiuwanja nyuma ambacho ukipiga hatua kumi na tano umekimaliza, kwa hiyo nitakayosema ni ya Ohio na majirani zake, Indiana, Pennsylvania, Michigan ya kusini huko. Aliye Texas au Arizona ndege wake ni wengine na baridi yake sio baridi hii.

Shika jambo moja kabla hatujaanza maana ndo wengi wanapokosea. Siku ya joto katikati ya baridi sio siku ya kukodolea macho fida. Fida ni kile kidude cha kuning'iniza chenye mbegu, wengi mnakijua. Siku ya baridi kali ndege hana ujanja, anakuja kwako kwa sababu kwingine kote kumeganda. Siku ikilegea wadudu wanaanza kutikisika kwenye magome, udongo unalainika, maji yanadondoka kila mahali, basi ndege anasambaa kwenda kutafuta vyake. Kwa hiyo ukikaa dirishani unatazama fida tupu ukasema leo hakuna ndege, ndege wapo, ni wewe unayeangalia pasipo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Darubini ni nzuri lakini sio lazima siku ya kwanza. Ukinunua tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kikiwa kipana kinaingiza mwanga zaidi na siku za huku zina mawingu. Usidanganyike na zile za 20x50 ukadhani namba kubwa ndo bora, mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anacheza sindimba humo ndani huoni kitu. Mi ya kwangu ya kwanza niliipata duka la mitumba kwa hela ya chakula cha mchana.

Mbegu za alizeti, zile ndogo nyeusi tupu zenye ganda laini. Mfuko mmoja unatosha kuanzia. Usinunue ule mchanganyiko wa bei chee wenye vipunje vyekundu vya duara, ule ni mtama, mtama kabisa wa ugali tunaoujua, na ndege wengi wa upande huu wa Marekani hawautaki, wanauchambua na kuutupa chini, matokeo yake umelipia chakula cha panya.

Vingine ni hivi:
- sahani pana ya kina kifupi kwa ajili ya maji
- kiti kisichopiga kelele ukijisogeza
- viatu vya matope, maana theluji ikiyeyuka uani panageuka jaruba
- daftari na penseli (kalamu ya wino inagoma kwenye baridi)
- simu yenye programu ya Merlin, ni ya bure, imetengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, inasikiliza sauti na kukutajia jina

Na ruhusa! Kama umepanga soma mkataba kwanza, nyumba nyingi za kupanga wanakataza fida kwa sababu ya panya na kinyesi kwenye magari ya watu. Mtu asije akapata barua ya onyo halafu akasema ni mimi nilimshauri.

Hatua 1: Chagua siku

Huku wanapima kwa Farenhaiti, kwa hiyo 32 ndo maji yanaganda, na 50 ni kama 10 zetu za Selsiasi. Tafuta siku itakayofika 45 mpaka 60, yenye jua, upepo mdogo, na iwe imetanguliwa na siku kadhaa za kuganda. Ile siku ya kwanza ya kulegea ndo tamu kuliko zote, kila kiumbe kilichokuwa kimejificha kinatoka kunyoosha viungo. Ikifika ya tatu joto likiwa limekaa, pilikapilika inapungua.

Halafu angalia na kesho yake. Kama wametabiri theluji inarudi, usikose kabisa, maana jioni kabla ya dhoruba ndege wanakula kama watu waliosikia daku linakaribia kuisha.

Hatua 2: Safisha fida asubuhi hiyo hiyo

Watu wanaruka hatua hii na ndo yenye madhara kuliko zote. Theluji ikiyeyuka mbegu zinalowa, zinashikana, zinaota ukungu, na ndege thelathini wamepanga foleni kulia sahani moja. Ugonjwa unapita hapo kama mafua kwenye daladala. Kuna ule wa macho unaowashika ndege fulani wadogo wenye kifua chekundu, ulianza kuonekana kwao mwaka 1994 mashariki mwa nchi hii, jicho linavimba mpaka linafunga na ndege anakufa njaa au anakamatwa kwa sababu haoni. Kuna na salmonela, bakteria wa kuharisha, hiyo hata wewe inakupata.

Mwaga mbegu zote zilizobaki. Vaa glavu, sugua na maji ya moto na sabuni, halafu loweka dakika 10 kwenye maji yenye jiki, kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 9 vya maji. Suuza sana. Kausha mpaka ikauke kweli kweli ndo uweke mbegu mpya. Fanya hivyo kila wiki mbili, na siku ya joto ndo nafasi yako kwa sababu siku nyingine ukitoka na maji nje yanakugandia mkononi. Maganda yaliyojaa chini nayo yafagie.

Hatua 3: Weka maji kabla ya chakula

Hapa ndo siri yenyewe. Wiki nzima kila kidimbwi kimekuwa jiwe, ndege amekuwa akila theluji ili apate maji na inamgharimu joto la mwili. Ukiweka sahani ya maji juani siku kama hii utapata mpaka ndege wasiogusa mbegu kabisa. Kina kisizidi sentimita 5, weka jiwe katikati la kutua, na kama sahani ni ya rangi nyeusi bora zaidi inavuta joto la jua. Iweke wazi kidogo, hatua tatu nne kutoka kwenye kichaka, ili paka asipate pa kuvizia lakini ndege akishtuka awe na pa kukimbilia.

Usitie chumvi kuzuia yasigande! Wala zile dawa za kwenye rejeta ya gari, ni sumu, na usitie glisirini. Yakiganda tupa barafu weka mengine, basi.

Mwaka juzi sahani ilinipa ndege watano wa bluu wenye kifua cha rangi ya tofali, walikuja wakaoga, yaani waliogelea kabisa, mwezi wa kwanza, mi niko na jaketi mbili nawatazama.

Hatua 4: Chakula kiwe kidogo

Jaza fida nusu tu leo, wateja watakuwa wachache na zikibaki zitalowa. Kama unatundika shahamu, yale matofali ya mafuta ya ng'ombe ambayo vigogota wanayapenda, itoe kwenye jua au ihamishie kivulini. Ikilainika inapaka manyoya, na manyoya yenye mafuta hayashiki joto, usiku baridi ikirudi ndege yuko taabani. Pia inaanza kunuka.

Mkate hapana. Chapati hapana. Wali uliotiwa chumvi hapana. Najua mkono unawasha kumwaga makombo, tumelelewa hivyo na kuku walikuwepo, ila hapa unashibisha ndege kitu kisicho na nguvu siku ambayo anahitaji mafuta mwilini ya kulalia.

Hatua 5: Kaa mahali pa jua, saa zake

Januari hapa Columbus jua linachomoza karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, linazama karibu saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo siku ni fupi na usilale ukidhani una muda. Nafasi ziko mbili. Saa mbili mpaka saa nne asubuhi ni ya ndege. Saa sita mpaka saa tisa mchana, joto likifika juu, ni ya wadudu na wanyama wadogo, na hapo ndo wengi mnakuwa mmeshaingia ndani kunywa chai.

Kaa jua likiwa mgongoni kwako, ukilitazama kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Ukuta au ua unaotazama kusini ndo mahali pa kuangalia, theluji inaisha hapo kwanza, wadudu wanaamka hapo kwanza, na ndege wanajua hilo kabla yako. Tulia dakika 20 bila kusimama. Dakika kumi za mwanzo hutaona kitu, wanakupima, usikate tamaa ukaingia ndani.

TAHADHARI na hii nasema kwa ndugu zangu hasa: darubini usiielekeze upande wa madirisha ya watu hata kama kuna ndege gani huko. Mimi mwaka wangu wa kwanza jirani alikuja mpaka kwenye ua kuniuliza natafuta nini, nikampa darubini aangalie kigogota mwenyewe, akacheka tukaachana vizuri, lakini ingeweza kuwa simu imepigwa na mazungumzo mengine kabisa. Sasa hivi nawaambia majirani mapema, na kile kitabu cha picha za ndege nakiacha wazi mapajani, mtu akipita anaona mwenyewe.

Hatua 6: Anza na masikio

Siku ya joto mwishoni mwa Januari na Februari ndege wanaanza kuimba hata kama theluji bado ipo, mwanga wa siku unaongezeka na wao wanausoma. Kadinali, yule ndege mwekundu, anapiga mluzi mkali wa kushuka kisha vipande vifupi vya haraka haraka, na jike naye anaimba, sio kazi ya dume peke yake. Kigogota anapiga ngoma kwenye tawi kavu, hapo hachimbi chakula, anatangaza eneo lake. Chikadii, kale kadogo kenye kofia nyeusi, anajitaja jina mwenyewe, chika-di-di-di, na akiongeza hizo di mwishoni ujue kaona hatari.

Kelele zote zikikata ghafla, kimya, usishushe macho. Angalia juu ya miti. Kuna kipanga. Yule wa uani huku ni mwembamba mwenye mkia mrefu wa mistari, anapita katikati ya matawi kama risasi. Ndege wadogo wanaganda pale walipo, nimewahi kuona chikadii kasimama dakika sita hajapepesa hata ubawa. Blujei, ndege wa bluu mwenye kishungi, naye anajua kuigiza sauti ya kipanga, ukimsikia angalia mara mbili kabla hujaamini.

Hatua 7: Mjue ni nani

Usianze na rangi, hapo ndo wanaoanza wanapopotea. Anza na ukubwa (mdogo kuliko shomoro, sawa na njiwa?), halafu umbo, halafu anafanya nini, rangi iwe ya mwisho. Hawa ndo utakaowapata karibu kila uwanja:

Kadinali ndo yule mwekundu mnayeniuliza kila siku. Dume mwekundu mwili mzima, kishungi, uso mweusi, mdomo mnene wa rangi ya chungwa. Jike ni wa kahawia mwenye wekundu kidogo, watu wanadhani ni ndege mwingine. Hahami, yupo mwaka mzima, na ndo ndege rasmi wa jimbo la Ohio tangu 1933 na majimbo mengine sita nayo yamemchukua. Anakuja wa kwanza alfajiri na wa mwisho magharibi.

Chikadii ni kidogo, gramu kama 10, kofia nyeusi, kidevu cheusi, shavu jeupe. Anachukua mbegu moja anakimbia nayo. Mtazame anakokwenda! Nyingine anaenda kuzificha kwenye magome, moja moja, na anakumbuka alipoweka kwa wiki kadhaa, na mi hapa funguo za gari nazitafuta kila asubuhi.

Junko ni wa kijivu juu tumbo jeupe, anakula chini, akiruka mkia unatoa mistari miwili myeupe pembeni. Huyu ni mgeni wa baridi tu, anafika karibu Oktoba na Aprili kashaondoka kurudi kaskazini. Siku ya joto anazagaa kwenye majani makavu, hutamwona fidani.

Nathachi ni rahisi, ndo ndege pekee utakayemwona anashuka kwenye shina kichwa chini miguu juu. Ukiona hivyo umemaliza, hata rangi usihangaike nayo.

Vigogota wako wengi ila wawili watakutosha kwa sasa, mdogo wa madoa meusi na meupe, dume ana alama nyekundu kisogoni, na mkubwa mwenye mgongo kama pundamilia na utosi mwekundu.

Robini, kifua cha rangi ya chungwa. Akitokea uani siku ya joto wazungu wanashangilia kwamba baridi imeisha. Haijaisha. Robini wengi wanabaki baridi nzima wakila matunda kwenye miti huko vichakani, udongo ukilainika tu wanashuka kutafuta minyoo, kesho yake ikiganda wanapotea tena. Usitoe jaketi lako kwa neno la robini.

Halafu kuna wa kwetu. Shomoro wa nyumbani ni yule yule wa Mombasa na Dar es Salaam, hapa aliletwa kutoka Uingereza, wakaachiwa Brooklyn miaka ya 1850. Kwezi wa Ulaya naye ni mhamiaji, 1890 waliachiwa kama 60 Central Park pale New York, leo wako bara zima. Wakati wa baridi ana madoa meupe mwili mzima kama mtu kamwagiwa unga. Watu wa huku wanawachukia hawa wawili maana wanapora mashimo ya kutagia ya wenyeji. Mi nawaandika tu kwenye daftari kama wengine. Na yule njiwa wa rangi ya udongo anayelia kwa huzuni, ukifumba macho utadhani hua wa shambani kwa bibi.

Hatua 8: Sasa shusha macho chini

Saa sita ikipita acha ndege kidogo. Kwenye theluji iliyobaki chini ya miti utaona kama mtu kamwaga unga wa mkaa, halafu huo unga unaruka. Ni vidudu vidogo vinaitwa viroboto wa theluji ila sio viroboto, having'ati, wanakula uozo wa majani. Wahi kuwaonyesha watoto.

Nyuki wanatoka. Kuanzia kama nyuzi 50 za huku wanafungua mzinga na kwenda kujisaidia, kwa maana wamebana wiki nzima, hawachafui nyumba yao. Ukiona vidoa vya njano kwenye theluji au kwenye boneti ya gari jeupe, ndo hivyo. Februari mwishoni unaweza kubahatisha kipepeo mweusi wa kahawia mwenye ukingo wa njano, huyo kalala mzima mzima chini ya gome miezi yote.

Kile chenye mistari mlichoniuliza ni chipmanki, jamaa wa kindi. Analala shimoni ila sio usingizi wa moja kwa moja, anaamka kila baada ya siku kadhaa anakula akiba yake, na siku ya joto anachungulia nje. Kindi wa kijivu yeye halali kabisa. Mkiona wanafukuzana juu ya miti kwa fujo Januari wala hawagombani, ni msimu wa kutafutana.

Oposamu, mnyama wa usiku wa ukubwa wa paka, ana masikio na mkia usio na manyoya, baridi inamkata mpaka ncha zinakuwa nyeusi, ndo maana siku ikilegea anatoka hata mchana kutafuta chakula. Sura yake inatisha, mpole lakini.

Tope ndo gazeti lako la usiku. Nyayo kama kiganja cha mtoto, vidole virefu vitano, ni rakuni, yule mnyama wa usiku mwenye uso kama kavaa kinyago cheusi. Zenye kidole gumba kimetoka pembeni ni oposamu. Sungura anaacha miguu miwili mikubwa mbele na midogo nyuma yake, na watu wanasoma kinyume wanadhani alikuwa anakwenda upande wa pili. Pia harufu kali ya usiku mwezi wa pili, mtu wangu mmoja wa Bukavu alidhani ni gesi inavuja akatoa familia nzima nje, ni skanki, jamaa kama kicheche wa kwetu, madume wanazunguka kutafuta majike.

Tahadhari za hatua hii. Usimshike mnyama yeyote hata akionekana amelegea, rakuni na skanki wanabeba kichaa cha mbwa. Kupe wa paa (mnyama wa porini, sio paa la nyumba) wanaamka siku kama hizi hata Januari, ukipita kwenye nyasi ndefu jikague miguu na watoto wakague nyuma ya magoti. Kama kuna kidimbwi karibu, barafu ya siku ya joto haibebi mtu, mtoto asikanyage.

Na manyoya ya ndege uliyookota, yaache. Kuna sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, inakataza kumiliki unyoya, yai au kiota cha karibu ndege wote wa asili wa hapa, hata kama umekuta chini. Wewe piga picha tu.

Hatua 9: Andika

Tarehe, saa, joto, nani, wangapi. Kwenye kuhesabu usijumlishe kila anayekuja. Andika idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja. Kadinali wale wale wawili wakija mara kumi bado ni wawili, sio ishirini, mi mwaka wa kwanza niliandika chikadii 64 na uwanja hauna hata miti mitatu.

Februari kuna siku nne za kuhesabu ndege wa uani, ilianza 1998 huku Amerika Kaskazini na tangu 2013 ni dunia nzima. Dakika 15 tu zinatosha. Kwa hiyo shangazi akikaa barazani Morogoro akahesabu kunguru zake, na wewe uko hapa na junko zako, mmeshiriki kitu kimoja.

Hatua 10: Jioni usiingie haraka

Jua likizama toa au funga mbegu, rakuni akishajua anwani yako atarudi kila usiku. Halafu simama tu nje dakika kumi. Januari bundi mkubwa mwenye masikio ya manyoya anaita mwenza wake, huu-hu-huu, na mwisho wa mwezi au Februari jike tayari yuko juu ya mayai, theluji inamwangukia mgongoni. Najua bundi kwetu akilia juu ya paa watu wanaanza kuulizana nani mgonjwa. Mama yangu nilimpigia simu asikie, akaniambia nikaingie ndani nifunge mlango.

Mambo yakienda kombo

*Nimeweka kila kitu, ndege hawaji.* Fida mpya inaweza kuchukua hata wiki kadhaa kugunduliwa. Kama walikuwepo na leo tu wamepotea, rudi juu nilikoanza, angalia ukuta wa kusini, majani makavu na maji.

*Kindi anamaliza mbegu.* Atamaliza. Tundika fida kwenye nguzo yenye bakuli la bati lililogeuzwa chini yake, mbali na mti kama mita 3, maana anaruka kuliko unavyofikiri. Kupaka nguzo mafuta ya kula usifanye, yanaharibu manyoya ya wanyama.

*Ndege kagonga dirisha.* Mweke kwenye boksi la karatasi lenye mfuniko, mahali pa giza na kimya, usimpe maji wala chakula, usimfungulie kila dakika. Baada ya saa moja hivi fungulia nje. Asiporuka tafuta watu wenye leseni ya kutibu wanyamapori. Kuzuia isitokee tena, fida iwe karibu kabisa na kioo, chini ya mita 1, au mbali zaidi ya mita 9, na kwenye kioo bandika vidoa upande wa nje kila sentimita 5. Stika moja ya kipanga katikati haisaidii kitu.

*Nimeona ndege macho yamevimba.* Shusha fida zote, osha na jiki, kaa wiki mbili bila kutundika.

*Sina uwanja, nina balkoni tu.* Sahani ya maji na kiti vinatosha. Balkoni ya ghorofa ya pili unawaona ndege wa juu ya miti vizuri kuliko mimi.

*Picha zangu zinatoka doa jeusi.* Jua liko mbele yako, hamia upande wa pili. Na kamera ya simu unaweza kuibana kwenye tundu moja la darubini, ukiegemea ukuta usitikisike.

*Baridi ikirudi usiku huo huo?* Mwaga maji kabla hujalala, sahani ya udongo ikiganda inapasuka, zangu mbili zimeenda hivyo. Fida jaza yote asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, vaa soksi mbili, maana kadinali atakuwa kashafika anakusubiri.